Chembe cha Moyo

Wiki hii tunalitazama jina tulilolirithi kwa mabibi zetu: chembe cha moyo. Ni pale penye kibonde, chini ya mfupa wa kidari, mbavu za pande mbili zinapoachana. Wanasayansi hupaita epigastri, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya "juu ya tumbo". Sisi tumepanasibisha na moyo, wao na tumbo. Na vilivyomo humo hasa ni tumbo la chakula, kongosho na sehemu ya ini.

Jina letu ni zuri wala hatupendi liachwe. Ila hulifupisha, na hapo ndipo penye hatari. Mwenye kuumwa na chembe akisema "moyo waniuma", hupimwa moyo. Akisema "tumbo", huenda akarudi nyumbani na dawa ya kiungulia. (Moyo wenyewe nao ukiugua, maumivu yake mara nyingine husikika papo hapo.) Basi, dada, litaje jina zima na uweke kidole mahali penyewe.

Kwa mja mzito jambo hili lina uzito zaidi. Mimba ikishapita wiki 20, maumivu ya chembe cha moyo au ya chini ya mbavu za kulia, hasa yakifuatana na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, yaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu lililokwisha kugusa ini, na linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Hapo mavyaa asimpe mkaza mwanawe chai ya tangawizi akamwambia alale. Ampeleke hospitali saa ile ile, apimwe presha na mkojo.