Roho Tatu za Kibandani

Wazungu wa rika langu wanapokumbuka kompyuta zao za kwanza, hutaja Commodore 64 na ZX Spectrum, mashine za mwaka 1982 walizounganisha na televisheni za sebuleni. Sisi wa Tanzania Bara hatuna kumbukumbu hiyo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na matangazo ya televisheni Bara yalianza mwaka 1994. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa kibandani.

Kwetu Sirari kibanda hicho kilikuwa na televisheni moja na mashine ya gemu iliyoigwa kutoka Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Watoto wa Sirari na wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, tulibanana kwenye benchi moja. Wa Isebania waliita kompyuta tarakilishi, kama walivyofundishwa shuleni; sisi tulisema kompyuta, na ubishi huo haujaisha. Lakini mchezo ulipoanza, msamiati ulikuwa mmoja. Katika Contra kila mchezaji alianza na roho tatu. Zikikuishia, uliweza kuchukua ya mwenzako, nasi tuliita kukopa roho. Hadi leo, nikikwama, rafiki yangu wa benchi lile huniuliza kwa simu, "Nikukopeshe roho?"

Hoja yangu ni hii: tunaomboleza mashine, ilhali kinachopotea ni maneno. Mashine za zamani zina watunzaji duniani kote, na michezo yake bado huchezwa. "Kukopa roho" hakuna atunzaye ila sisi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hivyo kazi za ofisi zikapata istilahi zake. Michezo ya kibandani je? Katika kamusi iliyo mezani pangu, roho ya mchezaji haimo.

Najua watakaosema kuwa hayo ni maneno ya watoto watoro. Nawauliza: bao nalo si mchezo? Mbona namua, takata na mtaji tunayaheshimu kama hazina ya lugha? Wazee wa barazani hawakusubiri kikao cha istilahi. Walicheza, wakayapa mambo majina. Nasi tulifanya vivyo hivyo, tena kwa Kiswahili safi, ingawa wengi wetu nyumbani tulisema Kikuria.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kutafuta kaseti ya zamani, andika maneno matano mliyoyatumia kibandani kwenu, na maana zake. Washairi wayatie katika tungo, BAKITA na BAKIZA wayapime. Sisi tuliokaa benchi lile tunazeeka, na hizi roho zetu wenyewe hazikopesheki.