Bangi ya siasa, maumivu ya Pap Onditi

Kampeni zikinoga, stori ya bangi nayo huwaka. Mwaka wa 2022 George Wajackoyah aliifanya sera ya kuwania urais, na mtandaoni tukacheka hadi tukachoka. Ila kuna mtu aliyeizungumzia bila mzaha: marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Mwaka wa 2018 alimwandikia Spika akitaka mswada wa kuihalalisha, matibabu yakiwemo. Julai 2019 saratani ya utumbo ikamuua. Hoja yake ikafa pia.

Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazobanwa zaidi. Kenya ilipinga. Mbona? Hatujawahi kuelezwa vizuri.

Sisi tunataka utafiti ufanywe na daktari aruhusiwe kuiandika inapofaa. Lakini tusidanganyane, wasee. Ushahidi kwamba bangi hutuliza maumivu makali ya saratani bado ni hafifu. Inasaidia zaidi kwa kichefuchefu cha kemotherapia, na hapo tunasema vidonge vilivyopimwa, si msokoto wa nyuma ya kibanda.

Dawa ya maumivu hayo ipo na ni halali: mofini ya kunywa. Ni poda inayochanganywa na maji. Mgonjwa anakunywa akiwa kwake, kila baada ya saa nne. Uganda wameizoea tangu Dkt Anne Merriman aanzishe Hospice Africa mwaka wa 1993, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huko wanaruhusiwa kuiandika.

Sasa mfikirie nyanya mwenye saratani ya mlango wa kizazi pale Pap Onditi. Akitegemea kliniki ya Kisumu mjini, ni matatu hadi Katito, kisha Ahero, kisha mjini, kila tuta likimgonga kiuno. Chupa ikiisha usiku, mjukuu atatafuta chochote, hata huo msokoto. Na akishikwa nao, sheria ya 1994 haiulizi nani alikuwa akilia kule nyumbani.

Serikali ya kaunti ituambie: ni vituo vingapi vya Nyakach vina mofini kwenye rafu wiki hii, na ni wauguzi wangapi wamefunzwa kuitoa? Nao wabunge wetu waifufue hoja ya Okoth sasa, kabla kelele za 2027 hazijaigeuza kichekesho tena.