Wapiga Vinanda Wetu na Kile Kitufe

Mtu aliyepata kusali katika makanisa ya Moshi, tangu mjini hadi Kidia, au huko Machame ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi mwaka 1893, anajua jinsi umati usio na karatasi mkononi unavyojigawa katika sauti nne, kila mmoja akaiona njia yake bila kuelekezwa; ndiyo maana hunistaajabisha kwamba mpiga kinanda, aketiye mbele ya umati huo huo, aghalabu ndiye pekee asiyeweza kubuni chochote.

Sababu naiona katika kitufe kimoja. Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti za ala nzima juu au chini, nacho kimewafanya vijana wengi waridhike na skeli ya C peke yake, ile isiyogusa kibao cheusi, kisha wakisoma juu ya karatasi kwamba Doh ni G, huacha vidole pale pale wakabonyeza. Sikatai kuwa kimewasitiri wengi harusini. Walakini mama mmoja akiinuka katikati ya ibada na kuanzisha pambio kwa sauti aliyojaliwa, bila kumshauri mtu, fundi wetu hubaki akipapasa hata pambio likaisha. Na akiketishwa mbele ya piano ya mbao, isiyo na kitufe chochote, hana la kufanya.

La ajabu ni kwamba elimu anayoihitaji anayo tayari. Mfumo wa do-re-mi ulioanzishwa Uingereza na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, ambao Enoch Sontonga aliutumia mwaka 1897 kuandika lahani ambayo leo ni ya wimbo wetu wa taifa, humruhusu do ahamie popote. Kila mwanakwaya anajua kwa sikio kuwa mi na fa hukaribiana, na ti na do vivyo hivyo, ilhali nyingine huachana kwa hatua nzima. Basi aanze katika chochote kati ya vibao 12, avihesabu vyeupe na vyeusi pamoja, aruke kimoja kimoja isipokuwa mahali pale pawili, na skeli kubwa imekamilika.

Kisha zifuate kodi tatu: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Ndani yake zimo noti zote saba, hivyo hakuna noti ya skeli itakayoimbwa ikakosa kodi ya kuipokea. Fauka ya hayo, do na so kila moja ina kodi mbili, na hapo penye kuchagua ndipo ubunifu unapoanzia. Wako wasemao kwamba kupiga papo kwa papo ni ilhamu, haifundishwi. Sibishani nao, ila ilhamu haijapata kumwonyesha mtu mahali ilipo ti ya skeli ya E.

Walimu wa kwaya na wakizibe kitufe hicho kwa karatasi ya gundi, wachague pambio moja linalojulikana na wote, kijana alipige Jumapili hii kwa C, ijayo kwa G, inayofuata kwa D, hadi mzunguko wa skeli 12 utimie kabla ya miezi mitatu kwisha. Zile zenye vibao vyeusi vingi zitamchosha, hasa F-shapu; aachwe alalamike, ila karatasi isibanduliwe.