KUOSHA CHOO KUSIWE ADHABU

Najua baadhi yenu mmeshika pua mara tu mlipoona kichwa cha makala haya. Wengine mnauliza, "Kwani mada zimeisha? Mbona asituandikie juu ya umuhimu wa elimu au madhara ya dawa za kulevya kama wenzake?" Kunradhi ndugu zangu. Umuhimu wa elimu tumeusoma tangu shule ya msingi hadi tukaukariri. Lakini choo, mahali ambapo kila mmoja wetu, awe mwalimu, prefekti au mgeni wa juzi, hana budi kuingia kila siku ya Mungu, hatukiandikii hata mstari mmoja. Kiswahili chenyewe hakioni haya kukitaja. Kina choo, kina msala, kina maliwato. Ikiwa lugha haioni haya, sisi tunaona haya ya nini?

Basi nitasema wazi lililo moyoni mwangu. Katika shule nyingi za nchi hii, kuosha choo ni adhabu. Umechelewa gwaride? Kamata ndoo! Umepiga kelele wakati wa prepu? Kamata fagio! Umesema Kikamba siku ya Kiswahili? Vyoo vinakungoja! Na siku ambayo wakosaji hawakupatikana, kazi huangukia wanafunzi wapya, wale tuwaitao "mono", ambao kosa lao ni kuja shuleni baada yetu. Halafu tunashangaa kwa nini vyoo havikaliki. Maoni yangu ni kwamba adhabu hiyo yenyewe ndiyo mama wa uchafu tunaoulalamikia.

Hebu tufikiri pamoja. Mtu aliyeadhibiwa hufanya kazi huku jicho lake likimtazama mwalimu wa zamu. Humwaga ndoo mbili za maji mlangoni, hufagia pale panapoonekana, kisha huyo! Hana habari na pembe za ndani wala shimo lenyewe. Naye aliyenusurika adhabu hujifunza somo baya zaidi, kwamba usafi wa choo ni kazi ya wakosaji na wanyonge. Akiingia anachafua apendavyo. Ukimuuliza atakujibu bila haya, "Si kuna watu wa punishment?" Kwa hivyo shule huwa na makundi mawili, wachafuzi wasioosha na waosha wasiojali. Choo kitasafika vipi, bwana?

Wala jambo hili si la mzaha. Uchafu wa chooni haukai chooni. Hutoka kwa miguu ya nzi na vidole vyetu, ukafika kwenye githeri. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupita njia hiyo hiyo. Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka nchini Kenya, kikaenea kaunti nyingi na kuendelea mwaka uliofuata. Tena wako wanafunzi, hasa wasichana, ambao hukataa kunywa maji mchana kutwa katika jua letu la Machakos ili wasilazimike kuingia chooni. Wanaumwa na kichwa, wanasinzia darasani, na mwalimu anadhani ni uvivu. Msichana aliye katika siku zake naye ana shida maradufu. Sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo na pia njia salama ya kuzitupa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango kinachofaa cha usafi wa mazingira. Haki iliyoandikwa kwenye Katiba haiwezi kuachiwa mtu aliyechelewa gwaride!

Sasa mtaniuliza, "Tukiondoa adhabu, nani ataosha?" Jawabu hatuna haja ya kulitafuta ng'ambo. Liko kwenye vilima tunavyoviona dirishani.

Katika miaka ya 1930 wakoloni waliitazama Machakos kama nchi inayokufa. Mwaka 1937 afisa wa kilimo aitwaye Colin Maher aliandika ripoti juu ya mmomonyoko wa udongo hapa Ukambani. Mwaka 1938 serikali iliwanyang'anya watu ng'ombe ikidai wamezidi, na Muindi Mbingu akaongoza maandamano ya Wakamba hadi Nairobi. Baadaye watu walitolewa majumbani kwa lazima wakachimbe mitaro ya kuzuia maji. Je, walichimba? Walichimba, lakini kwa kinyongo. Mtu hatunzi kitu alichokifanya kwa fimbo.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950, pale kazi ilipoingia mikononi mwa vikundi vya mwethya. Msomaji usiyetoka Ukambani, mwethya ni desturi yetu ya majirani kusaidiana kazi, leo kwako, kesho kwangu. Vikundi vilijichagulia viongozi vyenyewe. Watu wakapendelea matuta ya "fanya juu", ambapo mchimbaji huutupa udongo upande wa juu wa mtaro hadi tuta linajijenga. (Jina hilo la Kiswahili sasa limo katika vitabu vya kilimo vya Kizungu, jambo la kujivunia kwa chama chetu.) Baada ya uhuru wa 1963 hakukuwa tena na wa kumlazimisha mtu, na hapo ndipo matuta yalipozidi kuenea. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu mabadiliko hayo. Wanaonyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikatunzwa vizuri kuliko zamani.

Funzo ni hili. Fimbo ilishindwa, mwethya ukafaulu. Mlima haukubadilika, jembe halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kazi ilipata wenyewe. Iwapo mwethya uliponya milima, utashindwa na choo cha milango sita?

Kwa hivyo napendekeza kila choo kipewe mwethya wake. Kikundi kiwe na watu wa madarasa yote, maprefekti wakiwemo, na kijichagulie kiongozi. Jina la kikundi liandikwe mlangoni kwa rangi, ili sifa zikija zijue pa kwenda, na lawama vilevile. Waosha wapewe glavu, viatu vya mpira na sabuni, kwani hakuna ushujaa katika kushika uchafu kwa mikono mitupu. Na walimu nao, kwa heshima zote, wawe na zamu katika choo chao. Mwanafunzi akimwona mwalimu na fagio, aibu itakwisha siku hiyo hiyo.

Aibu hii si yetu pekee. Mwaka 1901 Mahatma Gandhi alihudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Calcutta, akakuta vyoo vichafu mno. Alipowaambia vijana wa kujitolea, walimjibu kwamba hiyo ni kazi ya watu wa tabaka la chini. Hakubishana nao. Aliomba fagio akaosha mwenyewe. Mwaka 1970 Mhindi mwingine, Bindeshwar Pathak, alianzisha shirika la Sulabh, ambalo lilijenga vyoo vya umma vya kulipia na kuwatetea wale waliodharauliwa kwa kuzoa kinyesi cha wenzao. Wote wawili waligundua kitu kimoja, kwamba kazi ikidharauliwa, hata chombo chake hudharaulika.

Kazi ikishapata wenyewe, ubunifu huja wenyewe. Wengi husingizia uhaba wa maji, na kweli Machakos ni pakavu. Lakini maji tuliyofulia nguo Jumamosi, kwa nini tuyamwage shambani na yana sabuni tayari? Yaoshee sakafu ya choo. Paa la choo likitiwa mfereji na pipa, mvua ya Novemba itatusaidia siku nyingi. Kwa kunawa mikono kuna kibuyu chirizi: mtungi wa plastiki uliotobolewa tundu dogo, ukaning'inizwa kwenye mti, na kamba ya kukanyagia kwa mguu. Hutumia maji kidogo sana, na hakuna anayeushika kwa mkono mchafu. Jivu la jikoni nalo, badala ya kutupwa, linyunyizwe kwenye choo cha shimo ili kupunguza harufu.

Wale wenye vyoo vya shimo vyenye bomba refu la hewa, mnajua bomba hilo ni la nini? Ufundi huo ulibuniwa nchini Zimbabwe miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi waliomo ndani hufuata mwanga unaopenya juu ya bomba, wakakwama kwenye wavu na kufa huko. Lakini ukiacha mlango wazi, mwanga huingia chooni na nzi wanatokea huku. Wavu ukitoboka, kazi yote ni bure kabisa. Mwethya wenye choo chake utaukagua wavu kila muhula. Mtu wa adhabu ataujulia wapi?

Hata kulenga shabaha kuna dawa yake. Katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, tangu miaka ya 1990 walichora nzi mdogo ndani ya vyombo vya kukojolea. Wanaume, kwa kuwa wamebaki watoto, humlenga yule nzi, na sakafu inapona! Sisi tunaweza kuchora nyayo mbili za rangi kando ya shimo, ili mtu ajue pa kusimama hata akiwa na usingizi. Nacho Chama cha Kiswahili kisikae kimya. Tuandike misemo na vitendawili milangoni, tuvibadilishe kila wiki. Mimi naanza. Kitendawili! (Tega!) Nakitembelea kila siku hakinisalimu, nikikisahau siku moja mtaa wote unajua. Jibu mnalo.

Haya si ya shule tu. Nendeni kwenye ploti za kupanga humu mjini. Choo kinachotumiwa na nyumba nne, chenye kufuli na zamu iliyobandikwa ukutani, huwa safi. Choo cha pili yake, kilicho wazi kwa kila mpita njia, hakiingiliki. Sokoni na kwenye stendi za matatu ni vivyo hivyo. Watu hulalamika kwamba wanalipishwa, lakini kulipa si tatizo ikiwa pesa zinamrudia mwoshaji kwa mshahara na sabuni. Mwaka 2006 msanifu majengo David Kuria alianzisha kampuni ya Ecotact, iliyojenga vyoo vya Ikotoilet jijini Nairobi. Watu walilipa shilingi tano, na hapo hapo palikuwa na wang'arisha viatu na biashara ndogo ndogo. Mahali palipodharauliwa pakawa mahali pa mtu kujipatia riziki, na penye riziki ya mtu hapakosi mlinzi.

Nakubali, mwethya hauwezi kila kitu. Mwongozo wa afya shuleni hapa Kenya wataka choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Pale ambapo watu mia wanapigania mlango mmoja, hakuna fagio litakaloshinda. Hapo wakuu wa shule, wazazi na serikali watimize wajibu wao. Tena rangi ya nje peke yake isitudanganye, maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na wakosaji? Adhabu ziko tele, wafyeke nyasi au wakate ua. Lakini choo kiondolewe kwenye orodha hiyo.

Naomba basi hoja hii ifikishwe kwenye baraza la wanafunzi muhula ujao, na mwethya wa kwanza uanze na choo kilicho kibaya kuliko vyote, sote tunakijua. Tukijaribu muhula mmoja tutaona. Samaki mkunje angali mbichi. Anayejifunza leo kuosha choo bila kusukumwa, kesho hatachafua cha stendi wala cha sokoni, na mtoto wake hatakunywa maji yenye kipindupindu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fagio halitumiki mtu akiwa amesimama wima.