Unataka kuijua nchi? Njoo uani kwetu

Wiki hii hatuendi mbali. Mtu akitaka kujua Watanzania wakoje, anakimbilia Dar. Mimi nasema panda basi Mwanza, pita Bunda, shuka Musoma, halafu ulizia Mwisenge. Uani kwetu pale ndiyo nchi yenyewe, imefupishwa tu.

Nyumba tunayopanga ina milango sita. Wa kwanza Mjita, wa pili Mkurya, halafu Mluo, Mzanaki, Msukuma, na wa mwisho Mha wa Kigoma. Bomba moja, kamba ya kuanikia nguo moja. Sasa hapo utagombania kamba kwa lugha gani kama si Kiswahili? Ukitoa kilugha chako unajisemea mwenyewe. Na nchi nzima ndivyo ilivyo: makabila zaidi ya 120, na hakuna hata moja lenye ubavu wa kuyafunika mengine.

Tena hayajaanza jana. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Kizanaki, umri miaka 12, alitoka Butiama, kama kilomita 40 hivi, akaja kuanza shule hapa hapa Mwisenge. Ndiye Mwalimu Nyerere. Kabila lake dogo, lakini aliongoza nchi hadi 1985 na hakuna aliyemwuliza Wazanaki mko wangapi. Alipofariki mwaka 1999 akarudishwa kuzikwa kwao Butiama.

Haya, sasa tuambizane ukweli. Uani kwetu kuna sura mbili.

Ukitokea msiba, utatupenda. Turubai linafungwa, daftari la michango linazunguka, wanaume wanalala nje, akina mama wanasonga ugali. Marehemu ni kabila gani? Nani ana muda huo!

Lakini ije posa, ndugu yangu! Kuna mshikaji wangu wa mlango wa Kikurya, kampenda binti wa mlango wa Kijita. Wamekua pamoja. Mama wa binti ndiye aliyemlisha mshikaji mwezi mzima mama yake alipolazwa. Wazee walipofika na barua ya posa, mama yule yule akasema: "Shikamooni wazee wangu, karibuni. Ila kwani vijana wa Kijita wameisha?" Barua ikarudi kama ilivyokuja, haijafunguliwa.

Hiyo nayo ni Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 na karani hakumwuliza mtu kabila lake. Swali hilo liliulizwa mara ya mwisho kwenye sensa ya 1967. Serikali iliacha kuuliza, wakwe bado wanauliza.

Mimi sidharau umoja wa kwenye turubai. Ila marehemu anakaa siku mbili, anaondoka. Mkwe anakaa, anakula, anakuletea wajukuu. Hapo ndipo umoja unapopimwa, na mtihani huo ni wetu sisi vijana. Usitoroke na binti wa watu. Kaa na mama yako jikoni, mwambie taratibu, kwa heshima, mwezi baada ya mwezi. Mshikaji wangu ndicho anachofanya, na juzi mama wa binti kaanza kuitikia salamu yake.

Mtaani kwenu je, posa ya kabila jingine inapokewaje? Tukutane wiki ijayo.