Udereva wa Vijana: Mafunzo ni Kinga, ila Dozi Moja Haitoshi

Katika taarifa yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna sababu ya kifo inayozidi ajali hizo. Pamoja na hayo, tunapozungumza juu ya kinga katika vituo vyetu vya afya, hutaja chanjo, chandarua na maji safi. Suala la udereva tumewaachia askari wa usalama barabarani. Ni maoni yangu kwamba mafunzo ya udereva kwa vijana ni huduma ya kinga kama zilivyo nyingine, na kwamba yanapaswa kutolewa na kusimamiwa kwa uzito uleule.

Je, mafunzo hayo yanasaidia kweli? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, nchini Marekani, walifuatilia kumbukumbu za vijana zaidi ya 150,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015. Katika mwaka wa kwanza wa udereva, ajali ziliwapata asilimia 11.1 ya waliopitia kozi rasmi, na asilimia 12.9 ya wale ambao hawakuisoma bali walifanya mazoezi chini ya uangalizi wa mtu mzima. Pengo katika makosa ya barabarani lilikuwa kubwa zaidi: asilimia 10.4 dhidi ya 18.3.

Haki inatutaka tuutazame pia upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika wilaya ya DeKalb, jimbo la Georgia, wanafunzi zaidi ya 16,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa mafunzo na wengine wakaachwa bila mafunzo ya shule. Nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo, na ilififia baada ya miezi michache. Tathmini zilizofuata zilionya kuwa kozi ya shuleni huweza hata kudhuru, iwapo itamfanya kijana apate leseni mapema kuliko ambavyo angeipata bila kozi hiyo.

Matokeo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Kushika usukani, kubadili gia na kufunga breki ni stadi za mikono na miguu, na kijana huzipata kwa siku chache. Kuitambua hatari kabla haijafika ni stadi ya macho na akili, nayo huja polepole. Dereva mgeni hutazama karibu na chombo chake. Mzoefu hutazama mbali na kandokando. Daladala ikisimama kituoni, mzoefu hutarajia abiria achomoze mbele yake kuvuka barabara. Mpira ukivingirika njiani, hujua kwamba mtoto yuko nyuma yake. Kozi fupi hufundisha mikono, kisha cheti hutolewa kana kwamba macho nayo yamekwisha kufundishwa.

New Zealand ililielewa jambo hili mapema. Tangu mwaka 1987 kijana wa huko hupata leseni kwa hatua. Kwanza huendesha akiwa na msimamizi kando yake. Kisha huruhusiwa kuendesha peke yake, lakini si usiku kati ya saa 4 na saa 11 alfajiri, wala hapakii abiria bila msimamizi isipokuwa wachache wanaotajwa na sheria. Leseni kamili huja mwisho. Usiku na marafiki ndani ya gari ni mambo mawili yanayozidisha hatari kwa dereva kijana, hivyo huahirishwa mpaka uzoefu ukomae.

Hapa kwetu Tanzania, chombo cha kwanza cha kijana mara nyingi si gari bali pikipiki. Wengi hufundishwa na rafiki kwa siku mbili tatu, kisha huingia kwenye mkataba wenye hesabu ya kila siku. Kijana huyo anaanza kazi usiku, akiwa na abiria mgongoni na haraka ya kutimiza hesabu: yote ambayo wenzake wa New Zealand wanazuiwa kuyafanya, yeye anaanza nayo siku ya kwanza. Kumlaumu kwa uzembe ni rahisi. Lililo gumu, na lenye faida, ni kumtaka mwenye chombo asimkabidhi ufunguo kijana asiye na mafunzo wala leseni, na kuwataka viongozi wa vijiwe wawape wageni safari za mchana na za karibu kwa miezi ya mwanzo.

Sisi watumishi wa afya tuna nafasi yetu. Kijana anapokuja kufungwa kidonda au kuondolewa plasta, tumuulize kama alifundishwa, na wapi. Tumweleze kwa takwimu, si kwa vitisho: kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia nne. Tuzungumze na mzazi pia, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwenye gari au ndiye anayenunua pikipiki.

Kwa mzazi asomaye makala haya, ombi langu ni hili: mtoto wako akipata leseni, usimwachie barabara siku hiyohiyo. Kaa kando yake kwa miezi kadhaa, mchana kwanza, kisha jioni, kisha mvuani. Hakuna mzazi anayemkatisha mtoto ratiba ya chanjo baada ya dozi ya kwanza. Na ratiba hii nayo ikamilishwe.