Mgeni wa Alasiri na Mali Kauli



Mwanamke aliyekwisha kuuza madera na mitandio Sarang'ombe kwa miaka ishirini hana haja tena ya kujulikana. Wateja anao, namba za simu anazo, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 aweza kuagiza mzigo kutoka Mombasa pasi na kuiona sura ya anayemuuzia. Basi kwa nini ajitie gharama ya kukaribisha watu kumi nyumbani kwake?

Jibu limo katika maneno mawili ya biashara yetu: mali kauli. Unapewa mzigo leo, unalipa ukishauza, na dhamana ni neno lako tu, bila riba. Kauli ya namna hiyo haijengeki kwa simu. Soko la Toi, huko huko Kibera, liliteketezwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Moto haubakishi daftari wala bidhaa. Aliyeunguliwa na mali huanza upya kwa mkono wa yule amjuaye kwa uso, awajuaye watoto wake, aliyewahi kula kwake.

Kibera ilianza kwa Wanubi, askari waliotoka Sudan, waliopewa kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ina watu wa makabila mengi. Kwa hiyo mzoefu asialike Waislamu wenzake peke yao. Amwite fundi cherehani Mluo, muuza mboga Mkamba, na binti aliyefungua kibanda mwezi uliopita, asiye na wa kumdhamini. Huyo wa mwisho ningemwandika wa kwanza.

Ukumbi wa hoteli siupendekezi. Chai ya tangawizi, mahamri na viazi karai baada ya Alasiri vyatosha, na wageni waage kabla ya Magharibi, kwani vichochoro vile si vya kumtembeza mwanamke usiku. Gharama iandikwe katika daftari la duka, isichotwe katika fedha ya chakula cha watoto. Bidhaa zisitandazwe sebuleni. Na deni lisidaiwe siku hiyo, hata kama mdaiwa ameketi mbele yako akinyoosha mkono kwenye hamri la tatu.

Mazungumzo ya bei yatakuja yenyewe, pengine siku ya tatu, mgeni atakapopita dukani kurudisha bakuli ulilomfungashia viazi.